Mita moja ya chaki: namna tunavyozidisha namba zenye nukta

Watoto wa mtaani kwetu hapa Wete wanajua kwamba dukani kwetu chaki haikosekani. Wakitoka skuli, kabla ya kwenda chuo cha Kurani, hakosi mmoja wa kupita na daftari la hesabati mkononi, na mara nyingi ukurasa anaonifungulia ni uleule: kuzidisha desimali. Kujumlisha wanajua, kutoa wanajua. Ikifika kuzidisha, nukta inawapotea. Wameshaambiwa wahesabu tarakimu zilizo kulia kwa nukta kisha waisogeze, na wanafanya hivyo kwa utiifu kabisa, lakini ukimuuliza mtoto kwa nini inasogea, ananyamaza na kukutazama. Mimi sipendi kuona mtoto ananyamazishwa na nukta. Ndiyo maana leo naandika kirefu kuhusu jambo hili, kwa ajili yao na kwa wazazi wanaokaa nao jioni wakitafuta pa kuanzia.

Kazi yangu ni kuuza marumaru. Duka ni la Ami, mdogo wake marehemu baba, na mimi ndiye ninayeshika daftari na kuwahesabia wateja mahitaji yao. Mtu anayenunua saruji anakwambia mifuko kumi, mkamalizana. Marumaru hayauzwi hivyo. Fundi akikunjua futikamba chumbani hakuti mita kamili; anakuta mita 3 na sentimita 65 upande huu, mita 2 na sentimita 80 upande wa pili, na wewe unatakiwa useme sakafu hiyo inataka maboksi mangapi. Kila siku basi ni kuzidisha namba zenye nukta, kuanzia tunapofungua mpaka tunapofunga.

Ami kabla ya kufungua duka alikuwa karani wa kituo cha karafuu. Aliyeishi Pemba anajua maana yake. Mkulima ameshachuma, ameshachambua, ameanika juu ya jamvi siku kadhaa akizikimbiza ndani kila mvua ikitishia, halafu anafika kituoni na magunia yake na macho yote yapo kwenye mizani. Karani akikosea nukta moja pale, ni jasho la familia nzima limepotea. Ami alikulia katika hofu hiyo ya heshima, na akaja nayo dukani. Hesabu zake anazipiga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kwa kisu, na sijapata kumwona akianza kuzidisha kabla hajasema kwa sauti jibu litakuwa baina ya ngapi na ngapi.

Nitarudi kwenye hilo. Kwanza chaki.

Nyuma ya duka pana uwanja mdogo wa saruji uliosuguliwa ukalainika. Mtoto akija na daftari, namtoa nje, nachora mraba ambao kila upande wake ni mita moja kamili. Napima kwa futikamba, sikisii, kwa sababu mtoto anatazama. Kisha kila baada ya sentimita 10 natia alama, na kutoka kila alama navuta mstari mpaka ng'ambo, wima na mlalo. Nikimaliza tuna vijumba kumi kwa kumi, yaani mia. Mraba mzima ni mita moja ya mraba. Kijumba kimoja ni sehemu moja ya mia ya mita hiyo, yaani 0.01.

Hapo namwita mmoja wa vijana wa dukani alete kipande cha marumaru ya sentimita 60 kwa 60. Ni kizito, kinabebwa kwa mikono miwili, na kinawekwa kwa utaratibu ili pembe yake ikae sawasawa juu ya pembe ya mraba wa chaki. Kikishatulia, namwambia mtoto aandike kwa chaki pembeni: upande huu ni mita 0.6, na upande huu ni mita 0.6. Halafu tunakinyanyua kidogo kidogo na kuhesabu vijumba vilivyofunikwa. Vijumba sita upande mmoja, sita upande mwingine. Thelathini na sita. Thelathini na sita katika mia ni 0.36.

0.6 × 0.6 = 0.36.

Na hapa ndipo anapostuka kila mtoto, na mshtuko huu ni wa haki. "Mbona imepungua?" Tangu darasa la pili anajua kuzidisha kunakuza: 6 mara 6 ni 36, kubwa kuliko zote mbili. Leo anazidisha anapata kitu kidogo kuliko alichoanza nacho. Usimwambie "ndivyo ilivyo". Mwoneshe sakafu. Kuzidisha kwa 0.6 maana yake ni kuchukua sehemu sita tu za kumi za kitu. Tulikuwa na ukanda wenye upana wa 0.6 uliotoka mwanzo wa mraba mpaka mwisho, vijumba sitini. Tukasema tunataka sehemu sita za kumi za ukanda huo, si wote. Lazima ipungue. Mtoto akiliona hilo kwa macho hatalisahau, na siku akipata jibu kubwa pale linapotakiwa kuwa dogo, yeye mwenyewe ataliuliza jibu lake.

Halafu tunaweka kipande cha 30 kwa 30, kile cha chooni. Kabla sijakiweka namwambia aandike jibu la 0.3 × 0.3. Wengi wanaandika 0.9, maana tatu mara tatu ni tisa na nukta ipo. Sifuti wala sisemi kitu. Naweka kipande juu ya chaki na kumwambia anioneshe vijumba tisini. Anahesabu vijumba vilivyofunikwa: tisa. Tisa katika mia ni 0.09. Ile sifuri iliyoingia katikati haikuletwa na mwalimu, imeletwa na sakafu.

Kuanzia hapo kanuni inajiandika yenyewe. Sehemu ya kumi ukiizidisha kwa sehemu ya kumi unapata sehemu ya mia, kwa sababu mraba umegawika kumi kwa kumi. Tarakimu moja kulia kwa nukta katika namba ya kwanza, moja katika namba ya pili, jumla mbili katika jibu. Ukizidisha sehemu ya mia kwa sehemu ya kumi unapata sehemu ya elfu: mbili na moja, tatu. Hesabu ya tarakimu tunayowakaririsha watoto ni hiyo tu. Tunahesabu mara ngapi kitu kimegawiwa kwa kumi.

Sasa twende kwenye chumba chenyewe, kile cha 3.65 kwa 2.8.

Ami angesema hivi: upande mmoja umezidi 3 haujafika 4, na wa pili umezidi 2 haujafika 3. Kwa hiyo jibu limezidi 6, na halifiki 12. Anaandika 6 na 12 juu ya karatasi, anazizungushia duara, ndipo anaanza. Na kwa kuwa namba zote mbili zimekaribia kule juu zaidi, anatarajia jibu la kumi na kitu. Tazama kwamba hajazidisha bado, na tayari anajua nukta itakaa wapi. Mimi kwa maoni yangu hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayorukwa katika madaftari mengi ninayoletewa.

Kisha anaisahau nukta kwa muda. Anaandika 365, chini yake 28, tarakimu za mwisho zikiwa zimepangana kulia:

365
× 28
———
2920
7300
———
10220

Nane mara tano arubaini, andika 0 shika 4. Nane mara sita arubaini na nane, ongeza ile 4, hamsini na mbili, andika 2 shika 5. Nane mara tatu ishirini na nne, ongeza 5, ishirini na tisa. Mstari wa kwanza ni 2920. Mstari wa pili ni ile 2 ya 28, ambayo ni ishirini, kwa hiyo tunaanza na sifuri: 7300. Jumla 10220.

Nisimame hapa kidogo kwa sababu pana kosa linalojirudia. Watoto waliofundishwa vizuri kujumlisha desimali wanakuja na mazoea ya kupanga nukta chini ya nukta. Katika kujumlisha ni lazima, maana sehemu za kumi zinakwenda na sehemu za kumi, huwezi kuchanganya. Katika kuzidisha haina kazi. Kila tarakimu ya juu itakutana na kila tarakimu ya chini, haibaki hata moja, kwa hiyo upangaji wa nukta hausaidii chochote na mara nyingi unaacha nafasi tupu zinazomtia mtoto wasiwasi. Panga kulia, zidisha kama namba nzima.

Sasa rudisha nukta. 3.65 ina tarakimu mbili kulia kwa nukta, 2.8 ina moja. Jumla tatu. Katika 10220 hesabu tatu kutoka kulia: 0, 2, 2. Weka nukta. 10.220.

Ile sifuri ya mwisho ndiyo yenye hatari. Mtoto mwenye haraka anaiona sifuri mwishoni mwa 10220, anakumbuka kwamba sifuri ya mwisho katika desimali haina thamani, anaifuta kwanza, halafu anahesabu tarakimu tatu katika 1022. Anapata 1.022. Chumba kizima cha kulala kimekuwa kama mkeka mmoja! Sifuri ile inahesabiwa kwanza pamoja na wenzake. Nukta ikishakaa mahali pake, ndipo unaruhusiwa kuiacha. 10.220 ni 10.22. Na hata kama umepitiwa, angalia zile duara mbili za Ami: 6 na 12. 1.022 haimo. 102.2 haimo. 10.22 imo.

Kuna njia nyingine mbili za kulihakiki jibu hilo, na mimi huwa nazifanya zote na watoto wakubwa. Ya kwanza ni kuitupa nukta kabisa: chumba ni sentimita 365 kwa sentimita 280. Zidisha, unapata 102,200. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa sababu ni 100 kwa 100. Gawa, unapata 10.22. Sakafu ni ileile, imepimwa kwa kipimo kingine, na jibu limekubali.

Ya pili naipenda zaidi. Tunachora chumba kwenye saruji, kidogo kuliko kilivyo, halafu tunakikata kwa chaki. Urefu wa 3.65 tunaukata kwenye 3, inabaki 0.65. Upana wa 2.8 tunaukata kwenye 2, inabaki 0.8. Sakafu sasa ina vipande vinne. Kikubwa ni 3 kwa 2, yaani 6. Kinachofuata ni 3 kwa 0.8, yaani 2.4. Kingine ni 0.65 kwa 2, yaani 1.3. Cha pembeni, kidogo kuliko vyote, ni 0.65 kwa 0.8: 65 mara 8 ni 520, tarakimu tatu, 0.520. Sasa jumlisha, na hapa nukta zipangwe chini ya nukta: 6 na 2.4 na 1.3 na 0.52. Zinakuwa 10.22. Mtoto anayeogopa kuzidisha namba ndefu anaipenda njia hii kwa sababu hakuna kushika namba kichwani, na kila kipande anakiona kilipo chumbani.

Boksi la marumaru ya 60 kwa 60 lenye vipande vinne linafunika mita za mraba 1.44, maana 0.36 mara 4 ni 1.44. (Maboksi mengine yanayotoka Ulaya yameandikwa 1,44 kwa mkato badala ya nukta. Ni kitu kilekile.) Maboksi saba yanafunika 10.08, hayatoshi. Manane yanafunika 11.52. Lakini fundi yeyote anajua kuna vipande vitakatwa ukutani na vingine vitavunjika, kwa hiyo tunaongeza sehemu moja ya kumi, yaani tunazidisha kwa 1.1. Hili halihitaji hata kalamu: chukua 10.22, ongeza sehemu yake ya kumi, 1.022, unapata 11.242. Maboksi manane yanatosha bado. Mteja akitaka na skatingi, ule ukanda wa marumaru wa chini, kuzunguka ukuta, hesabu inabadilika. Mzunguko wa chumba ni 12.9, toa mlango wa 0.9, inabaki mita 12, na kimo cha skatingi ni 0.1, hivyo 1.2 inaongezeka. 10.22 na 1.2 ni 11.42, mara 1.1 ni 12.562. Manane hayatoshi tena, tunakwenda tisa.

Wateja wetu wengi siku hizi hawapo hapa. Mtu yupo Maskati, anamjengea mama yake nyumba Konde, anatuma vipimo kwa sauti kwenye simu na pesa anazituma baadaye. Hajaiona sakafu, wala hatuoni uso wake. Kuna mmoja alituma ukumbi wa 4.8 kwa 3.75. Kadirio: limezidi 12, halifiki 20, na kwa kuwa 4.8 ni karibu sana na 5, litakuwa kule juu. Nikazidisha 48 kwa 375, nikapata 18000. Tarakimu moja na mbili, tatu. 18.000. Mita za mraba kumi na nane kamili, bila masalia, kutokana na namba mbili ambazo zote zina nukta. Nilifurahi nayo kiasi kwamba nimeiweka kuwa zoezi la kudumu kwa watoto, maana hawaamini. Wanarudia mara ya pili na ya tatu wakitafuta desimali ilikopotelea. Haikupotea, zile sifuri tatu ndizo sehemu za kumi, za mia na za elfu, na zote ni tupu.

Kwa mtu kama yule tunasoma hesabu mara mbili, mimi na Ami, kila mmoja kwa karatasi yake. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja katika vipimo, na mimi naona nukta isiyokaa mahali pake ni kipimo kilichopunjwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Mama yule wa Konde hatajua kamwe kwamba tulizidisha mara mbili. Lakini ni haki yake.

Nimesoma kidogo kuhusu walioifanya hesabu hii kabla yetu, na imenipa nguvu kuijua. Mwaka 341 wa Hijria, sawa na 952 hadi 953 Miladia, mwanahesabu al-Uqlidisi aliandika huko Dameski kuhusu sehemu za kumi, na akawa anaweka alama ndogo juu ya tarakimu ya mamoja ili msomaji ajue namba nzima inaishia wapi. Katika mifano yake aliichukua 19 akaigawa nusu mara tano mfululizo: 9.5, kisha 4.75, kisha 2.375, kisha 1.1875, mpaka 0.59375. Jaribuni kwa mkono, ni zoezi zuri, na utaona kila nusu inaongeza tarakimu moja. Baadaye sana al-Kashi wa Samarkand alizieleza desimali kwa ukamilifu mwaka 1427, na miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameshapiga hesabu ya pai, yaani uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, mpaka tarakimu 16 baada ya mamoja. Kwa mkono! Ulaya zilienea baada ya Simon Stevin wa Flanders kutoa kijitabu chake mwaka 1585, na yeye aliwaandikia wapima ardhi na wafanyabiashara miongoni mwa wengine. Nilipolisoma hilo nikamwonesha Ami. Watu wa vipimo na maduka, watu kama sisi, tangu mwanzo hesabu hii iliwalenga.

Ami akasema hata yeye anagawa nusu mara kwa mara, na ni kweli, nimemwona akifanya kwenye zaka. Zaka ya mali ni 2.5 kwa mia, yaani 0.025. Tuseme mtu ana akiba ya shilingi 3,480,000 iliyotimiza mwaka na imefikia kiwango. Kwa njia ya skuli, 3,480,000 mara 25 ni 87,000,000, na 0.025 ina tarakimu tatu kulia kwa nukta, kwa hiyo tunahesabu tatu kutoka kulia: 87,000. Ami hapiti huko. Anachukua sehemu ya kumi, 348,000. Anaigawa nusu, 174,000. Anaigawa nusu tena, 87,000. Ni sawasawa, kwa sababu 0.025 ni moja ya arubaini, na arubaini ni kumi mara mbili mara mbili. Mimi nafanya ya kwanza, yeye anafanya ya pili, tunakutana.

Sasa kuhusu simu. Najua mzazi mmoja atasema, mbona unamtesa mtoto, kila mtu ana kikokotoo mfukoni. Mimi pia ninacho, na kuna siku duka limejaa nakitumia. Lakini simu haijui chumba. Ukibonyeza 36.5 badala ya 3.65, itakupa 102.2 kwa haraka ileile na uso uleule. Aliyezoea kuzidisha kwa mkono ataitazama 102.2 na kusema hiki si chumba cha kulala, huu ni ukumbi wa harusi. Asiyezoea ataandika 102.2 kwenye risiti. Na mtoto wa skuli ya msingi haingii na simu kwenye mtihani, kwa hiyo atakayemsaidia mle ndani ni yeye na kalamu yake.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kwamba usianze na daftari. Chora mita moja ya mraba mahali popote, sakafuni, uwani, hata kwenye mchanga wa pwani kwa kijiti. Mpe mtoto kitu cha kupima: trei, kitabu, ubao. Apime pande zake kwa mita, si kwa sentimita, aone kwamba trei ya sentimita 40 ni 0.4. Akishazidisha, aweke kitu chenyewe ndani ya mraba ahesabu. Tarakimu zikishaungana na kitu anachokigusa, ndipo umpeleke kwenye namba ambazo hazijazi vijumba kamili, kama 0.05 mara 0.4. Tano mara nne ishirini, tarakimu mbili na moja ni tatu, kwa hiyo 0.020, ambayo ni 0.02. Hapo yuko tayari.

Nawaachia zoezi la wiki hii. Chumba cha watoto, Micheweni: 4.35 kwa 3.2. Marumaru ni yale ya 60 kwa 60, boksi la vipande vinne, ongezeni sehemu ya kumi ya kukatia, bila skatingi. Kadirio langu ni kwamba sakafu imezidi 12 na haifiki 20. Angalieni sifuri ya mwisho, kisha nitumieni idadi ya maboksi pamoja na karatasi mliyofanyia hesabu. Ami ameomba azione karatasi.